Phanice Kemuma, Sauti ya Ng'ambo ya Kijito

Kwa niaba ya familia ya Mzee Mose Nyakundi wa Gesima, tunawashukuru nyote mliopanda mlima huu kumsindikiza Phanice Kemuma, ambaye wengi wetu tulimwita Mama Sheila, na ambaye mumewe, akiwa na raha zake, alimwita redio.

Mama Sheila alizaliwa tarehe 9 Mei 1969 karibu na mji wa Nyamira, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Bosire na mkewe, akasoma shule ya msingi pale kijijini hadi darasa la nane mwaka 1985, kisha akapelekwa Kisii kujifunza ushonaji, lakini cherehani haikumkalia, akaona heri auze ndizi soko la Daraja Mbili. Huko ndiko Mose alikomwona, akawa kila wiki ananunua ndizi na kwao zinaozea shambani. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1989, wakajaliwa Sheila, Mogire na Lavender.

Alichuma chai akiimba, maana ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya, na Mose akiwa ng'ambo ya kijito alijua mkewe amefika mstari upi kwa kumsikia tu.

Mwezi Juni mwaka huu, 2025, aliteleza kwenye majani chai, akavunjika kifundo cha mguu, akafungwa plasta hadi katikati ya Julai. Sabato ya tarehe 26 Julai, tulipokuwa tukitawadhana miguu kabla ya meza ya Bwana, rafiki yake Nyanchera, aliyemwosha, aliona shavu la mguu ule limevimba, lina joto na linauma likiguswa, huku mguu wa pili ukiwa sawa, wakacheka wote wawili kwamba mguu umenenepa kwa kukaa bure, wakaenda mezani. Wiki iliyofuata nyimbo zake shambani zikawa fupi, ubeti mmoja anatua, naye Mose akadhani anatunza sauti ya makambi ya kanisa ya Agosti, akamsifu. Kumbe pumzi ilikuwa inamwishia.

Jumatatu tarehe 4 Agosti kifua kilimchoma kila alipovuta pumzi, jirani yetu Yakub akaacha duka wazi, akamkimbiza hospitali mjini Nyamira, akawekewa oksijeni, na gari la kumpeleka Kisii likiwa tayari, akakata roho. Daktari alitueleza kwamba damu iliganda mguuni, kipande kikapanda hadi mapafuni, na kwamba mguu mmoja ukivimba namna hiyo huonwa hospitalini siku hiyo hiyo, na pumzi ikianza kukatika usingoje hata dakika.

Mose ameomba isemwe wazi kwamba Nyanchera hana kosa. Mose mwenyewe hajashuka kijitoni tangu siku ile, anasema shamba limekuwa kubwa mno, na kwamba anamtamani mkewe hata kwa ule ugomvi wao wa kila jioni wa nani afunge zizi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, Yakub na jamaa yake Ruqiya waliotupikia, wanakwaya, na wachumaji wenzake.

Na kabla chakula hakijagawiwa, Mose anawasihi, yeyote mwenye mguu mmoja uliovimba, au anayehema kwa kazi ndogo, asione haya, ajitokeze, gari liko barabarani, naye yuko radhi kuondoka hapa kaburini kumpeleka.

Mama Sheila, pumzika, mumeo bado anakuhitaji.