Nuhu Alifundishwa Kuchechemea

Usinikunjie uso. Kama umeingia humu kunipima akili, rudisha kikombe changu uende zako. Nimeishia darasa la nne, lakini macho ninayo, na benchi la kahawa liko hapo nje, mlangoni kwangu. Upuuzi wote wa Nachingwea unapitia masikioni mwangu kwanza.

Mwaka ule wa kujenga madarasa ya MMEM, ule mpango wa serikali wa shule za msingi, shule yetu ilipata urafiki na shule moja ya msingi ya Uingereza. Wageni wakaja na jezi, mipira na maneno: watoto wasikae bure, wacheze, na mlemavu asiachwe nje. Hayo ya kucheza tulicheka. Mtoto anatoka Nambambo kwa miguu kila asubuhi, halafu afundishwe kuchangamsha mwili! Hilo la mlemavu sikucheka. Kwenye mechi ya urafiki, sisi na wenzetu wa Ruangwa, kila timu ilitakiwa iwe na mtoto mmoja mlemavu uwanjani, na huyo angepewa baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, imfikishe shule.

Mjukuu wangu Asmaa miguu haijambeba tangu azaliwe. Anatambaa na kandambili mikononi. Uani hapo hukaa kati ya mawe mawili akadaka mpira wa matambara, watoto wa jirani wakapiga mashuti mpaka wakasusa. Shule hajawahi kuiona, maana ni mbali na mgongo wangu umekwisha. Niliposikia baiskeli, nilimwogesha, nikamsuka nywele, tukangoja kuitwa.

Mlemavu wetu akawa Nuhu, mpwa wa Eustace mpanga timu. Mtoto huyo kwa mbio hana mpinzani mtaa mzima. Eustace alimfundisha kuchechemea wiki nzima, nyuma ya choo cha shule.

Mechi ilipokwisha na wageni kuondoka, benchi likajaa. Alikuwepo huyo Eustace, tunamwita Refa kwa filimbi yake. Alikuwepo Saburi, kijana tunayemwita Redio. Na mzee Awadhi, tunamwita Mkoa. Aliwahi kufagia ofisi ya mkoa, akatoka huko na sauti ya mkuu wa mkoa.

Mimi: Refa, baiskeli ya Asmaa unaileta lini?

Refa: Ya Asmaa? Bibi, ile ya Nuhu.

Mimi: Nuhu huyu aliyeshinda juu ya mkorosho wangu jana?

Redio: Refa, we noma! Dogo kachechemea kipindi cha kwanza safi kabisa. Kaja kupata mpira golini kwa Ruangwa, kasahau!

Refa: Lakini alifunga.

Redio: Alitoka nduki, yule mama wa Kizungu akaangua kilio.

Mkoa: Kilio cha furaha. Mkalimani alitamka wazi. Mama yule ameona michezo imemponya mtoto.

Mimi: Ndiyo maana mwakani hawaleti baiskeli. Wataleta mipira, kwa kuwa mipira inatibu.

Refa: Mbona mnanionea? Ruangwa nao walileta mamluki.

Mimi: Ruangwa walileta mtoto kipofu.

Refa: Kipofu gani anapiga penalti inaingia?

Mimi: Mwenzake alisimama nyuma ya goli akampigia makofi. Akapiga kufuata makofi.

Refa: Ujanja huo!

Mkoa: Jamani, twende kiutaratibu. Baiskeli ikionekana kwa mtoto mwingine, urafiki umevunjika. Wale watatuma mtu.

Redio: Mtu wa nini, mzee wangu? Wana setilaiti. Wamekaa zao Uingereza wanaona nani kaikalia.

Refa: Si mnaona? Ndiyo maana mimi naipakia madumu ya maji. Kutoka kule juu, dumu na mtoto ni kitu kimoja.

Mkoa: Dawa ni Nuhu augue upya. Tutangaze ugonjwa umerudi baada ya mipira kutoboka.

Redio: Au Asmaa aitwe Nuhu, Nuhu aitwe Asmaa. Kila mtu anabaki na chake.

Mimi: Nuhu avae gauni?

Redio: Siku za wageni tu, Bibi.

Wakacheka mpaka benchi likayumba. Nyuma ya mlango huu huu nilikuwa nasikia kandambili zikigonga sakafu. Zikanyamaza.

Mimi: Na mwalimu mkuu anasemaje?

Mkoa: Baiskeli ni ya mwanafunzi. Asmaa si mwanafunzi.

Mimi: Atakuwaje mwanafunzi bila kufika shuleni?

Mkoa: Ndiyo hivyo. Afike kwanza.

Pale mwisho wa benchi alikaa mwanamke mgeni, Beatrisi, mnunuzi wa ufuta, anasubiri lori la Ruangwa. Muda wote alikuwa anakunywa kahawa akitusikiliza.

Beatrisi: Samahanini, mimi mpita njia tu. Walitaka mtoto mlemavu, na mtoto mlemavu mnaye hapa mlangoni. Kwa nini hakucheza yeye?

Refa akaanza kuipangusa filimbi. Mkoa akakohoa kikohozi cha ofisini. Redio akasogeza kikombe; birika lilikuwa tupu. Nikawatazama usoni mmoja mmoja, na nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Hawakuwa wanaficha jibu. Hawakumkataa Asmaa. Hakuwajia kichwani kabisa.

Lori likaja, Beatrisi akapanda. Baiskeli ilikatika ekseli kwa uzito wa madumu, sasa kuku wanalala juu yake. Nuhu yuko sekondari.

Na wewe umekunja uso tena, unasema watu hawawezi kuwa hivyo. Kaa hapo na kutoamini kwako. Asmaa ananiita uani, anataka kupelekwa msalani. Amekua, ni mzito sasa, na mgongo ni huu huu uliokwisha. Natoka. Mlango naufunga, usije ukanifuata na huruma yako.