Kilo Mbili na Kilo Tano

Benchi la kahawa limebanwa kati ya bucha na cherehani ya Fundi Pindo, na ukikaa hapo asubuhi ujue umekubali kufundishwa jambo ambalo hukuliuliza. Siku hiyo kosa lilikuwa la Pindo mwenyewe. Saa nane mchana alikuwa na mtihani wa fizikia, wa mara ya tatu, na asipofaulu chuo cha ufundi umeme hakimpokei tena. Miaka kumi na tisa ya kupunguza suruali za watu ilikuwa imemtosha dada huyo. Majibu ya kitabu chake hakuwa nayo, kwa sababu ukurasa wa majibu alikuwa amefungia vifungo vya mteja. Basi akasoma swali kwa sauti, huku akijua anakaribisha balaa: jiwe la kilo mbili na la kilo tano yanaachiwa kwa pamoja kutoka juu ghorofani. Lipi litatangulia kufika chini?

— Hilo nalo swali? — alisema Gia, dereva wa lori aliyestaafu, ambaye hata akiwa amekaa mguu wake wa kulia hutafuta breki. — Lori tupu likiteremka mlima linasitasita. Lipakie simenti uone. Linateremka kama limeitwa. La kilo tano linatangulia.

— Lilikuwa halina breki hilo, — alijibu Mizani, mwenye bucha. — Kizito kinajivuta, bwana. Wewe tangu upate hilo tumbo umewahi kutangulia wapi?

— Kwenye kahawa.

— Mimi kipande cha ini kikiniponyoka, kinafika chini sijashtuka. Paja la ng'ombe likianguka, nawahi kuondoa mguu.

— Unawahi kwa sababu unaliogopa. Ardhi inapenda kitu kizito. Inakivuta kwa hamu.

— Na chepesi?

— Chepesi inakipokea tu kwa adabu.

Pindo akaandika "hamu", akafuta.

— Wazee wangu, nina saa tatu tu. Hamu haimo kwenye silabasi.

— Itakuwa imeondolewa, — Gia alisema. — Na wamwulize aliyelitupa hilo jiwe alikuwa na hasira au hana. Jiwe linajua.

Mizani akasimama.

— Tunabishana nini? Tuangushe.

Akatoa jiwe lake la mizani la kilo tano. La kilo mbili hakuwa nalo, lakini Gia aliona chupa mbili za kahawa chini ya benchi. Mama Kahawa alikuwa ameziacha hapo alipokwenda kuchota maji, akawaambia moja imeisha. Gia akachukua moja, wakaipima pale buchani kwa vijiwe vidogo. Kilo mbili kamili. Wakapeana mikono kwa bahati hiyo, na hakuna aliyejiuliza chupa tupu inapataje kilo mbili.

Wakatandika kipande cha bati uani ili wasivunje sakafu ya mwenye nyumba, wakapanda ngazi za nje mpaka ghorofa ya pili. Wazee wakanyoosha mikono nje ya ukingo, kila mmoja na mzigo wake. Pindo akasimama katikati yao. Urefu unamtisha, kwa hiyo alifumba macho kabisa.

— Moja. Mbili. Tatu.

Bati likalia bwaaa, kuku wa jirani wakatawanyika.

Waliposhuka walimkuta Mama Kahawa na ndoo yake. Kahawa ilikuwa inatiririka juu ya bati, yote, ya asubuhi nzima.

— Mlikuwa mnafanya nini na chupa yangu?

— Sayansi, — alisema Mizani kwa sauti ndogo.

— Ya kipi kinatangulia kufika chini, — Gia akaongeza.

— Haya. Kipi kilitangulia?

Gia alikuwa akiutazama mkono wa Mizani, asije akaachia mapema. Mizani alikuwa akiutazama mkono wa Gia, kwa sababu hiyohiyo. Chini hakutazama mtu.

— Watu wazima watatu, — alisema Mama Kahawa.

Pindo akataka kulia. Kahawa imekwenda, saa imekwenda, na jibu hana. Halafu lile bwaaa likamrudia masikioni.

— Mlisikia bati likilia mara ngapi?

— Mara moja, — alisema Gia.

— Moja, — alisema Mizani, kisha akamtazama Gia, na wote wawili wakaitazama kahawa.

Pindo akacheka mpaka akashika ubavu. Mwalimu alikuwa amemwambia hivyo mara mbili, naye alikuwa amekariri bila kuamini hata kidogo. Akaandika pale pale, amesimama: yanafika pamoja.

— Basi sote tumeshinda, — alisema Gia.

— Mtakwenda kuchota maji nyote, — Mama Kahawa akamwambia, akimkabidhi ndoo.

Pindo akaenda kwenye mtihani na kahawa kwenye pindo la sketi, na njia nzima alikuwa akijigongea kitabu pajani, kila mara pigo moja tu, bwaaa.