Masiana, Bila R

Wasikilizaji wapendwa, mvua za Desemba zimeshika hapa Ufipa, na Noeli haiko mbali. Leo tunamkumbuka mama aliyetutungia nyimbo za Noeli. Mama Marsiana, mkulima wa jirani na Kaengesa, amezikwa juma lililopita. Lishikeni jina hilo: Marsiana. Jina ndilo aliloibiwa.

Mwaka 1973 alitunga wimbo wake wa kwanza akipalilia mahindi. Mwalimu wa kwaya, Philipo, mgeni kutoka Mbeya, akauandika na kuupeleka redioni. Siku ya Noeli kijiji kizima kilibanana mbele ya redio moja. Marsiana alikuwa amevaa kitenge kipya. Mtangazaji akasema, "Mtunzi ni Mwalimu Philipo."

Kesho yake Marsiana alimfuata mwalimu.

"Dada, hii ni Ujamaa," Philipo akacheka. "Wimbo ni mali ya wote."

"Kama ni wa wote, mwalimu, mbona jina ni lako peke yako?"

Kicheko kile Marsiana alikitunza mwaka mzima, kama mbegu.

Mwaka uliofuata Philipo alirudi, mpole kama mchumba. "Dada Marsiana, huna kingine kipya?"

Akampa, tena kwa tabasamu. Beti nne. Wa kwanza ulianza na Malaika. Wa pili, Sikieni. Wa tatu, Amelala. Wa nne, Nasi. Ukaimbwa Chanji, ukaimbwa Mwimbi. Jina lilelile: Philipo.

Noeli ya 1975 kijiji kikamwandalia Philipo sherehe. Alipokwisha kuvishwa shada la maua, Marsiana alisimama. Akinamama wa sauti ya kwanza walikuwa wameshaambiwa la kufanya.

"Kwaya, niimbieni mwanzo tu wa kila ubeti. Mkate hapo hapo."

"Ma! Si! A! Na!"

Masiana. Ndivyo alivyoitwa nyumbani, bila r. Philipo alimjua kwa daftari la kwaya, lenye jina la ubatizo. Hakuwahi kukaa jikoni kwa mtu akasikia jina linavyotamkwa.

"Mwalimu," akauliza Leonsi, mume wa Marsiana, "huyo Masiana uliyemtungia wimbo si mke wangu?"

Watu walicheka hadi wakakaa kwenye matope. Philipo alijivua shada mwenyewe. Januari akaomba uhamisho.

Mpwa wa Marsiana, Cornelia, anasema padri alimsihi shangazi yake amsamehe mwalimu. "Shangazi akamjibu, 'Wizi nimemsamehe, padri. Aibu abaki nayo.'"

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Mzee Leonsi. Tunampa pole Cornelia na ukoo wote. Nanyi mtakaoimba Noeli hii, kabla ya kufungua vinywa, ulizeni wimbo huo ulitoka kinywani mwa nani. Kama yupo, mtajeni angali anasikia.

Philipo naye ameleta barua kutoka Mbeya. "Poleni kwa msiba wa Mama Masiana." Bila r.

Cornelia aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Haya," akasema. "Sasa anajua kuandika."