Bi. Ruth Sumari na Mistari Tisa ya Lemara

Intaneti iliingia Arusha kwa mikono yangu mimi, Lerionka, fundi dishi na dereva wa Kituo cha Mawasiliano Themi, na anayebisha aje tubishane. Dishi la kwanza la kituo nililipandisha paani peke yangu, upepo wa Mlima Meru ukinivuta huku na dishi likinivuta kule, na watu wamesimama chini wanaomba Mungu. Ndiyo maana kamati ya sherehe, licha ya wasomi wote tulio nao, ilikuja kwangu kuniomba niandike wasifu wa Bi. Ruth Sumari, Mama Nancy, anayestaafu leo Ijumaa, tarehe 30 Juni 2006, baada ya kutumika miaka ishirini na saba na miezi mitatu bila kupungua hata siku moja. Nimekubali. Mimi niliishia darasa la tano, lakini la tano la wakati ule lilikuwa na uzito wake.

Kabla sijaendelea, kuna jambo wageni wanapaswa kulijua. Saa kumi leo jioni Mwenyekiti wa Bodi, Mzee Elihuruma, atamkabidhi Bi. Ruth cheti. Sisi wafanyakazi tuliomba kiandikwe "Utumishi Uliotukuka". Bodi imeandika "Cheti cha Ushiriki", kama kile wanachopewa watu waliokaa semina ya siku mbili wakanywa soda. Sababu iliyotolewa ni mistari tisa isiyo ya kweli katika daftari la mwaka 2004, yenye sahihi ya Bi. Ruth. Mzee Elihuruma amesema bodi itakutana tena saa tisa, na kama kuna mtu mwenye neno, alilete kwa maandishi. Programu hii ya sherehe, ambamo wasifu huu umechapwa, ni maandishi.

Bi. Ruth alizaliwa Poli, Meru, mwaka 1946, nyumba ya kahawa na migomba. Alisoma shule ya misheni, akajifunza kupiga taipu, na tarehe 2 Aprili 1979 akaajiriwa kupiga teleksi katika ofisi ya ushirika wa kahawa iliyokuwa kwenye jengo letu hilihili. Mashine ile ilikuwa na kelele za kinu cha kusaga. Ilikuwa inatoboa matundu kwenye utepe wa karatasi, na nawaambia kitu nilichokiona kwa macho: Bi. Ruth alikuwa anapitisha kidole juu ya matundu yale, amefumba macho, anakusomea bei ya kahawa ya Hamburg.

Ikaja enzi ya ruksa, biashara ikaachiwa huru. Ushirika ukapungua mwaka hadi mwaka, meza zikabaki bila watu, wengine wakapewa barua zao wakarudi mashambani. Chumba cha teleksi kikakatwa kikawa kituo cha kujitegemea, na Bi. Ruth akabaki na ufunguo. Mwaka 1994 akaleta faksi. Mwaka 1997 tukaanza barua pepe kupitia simu ya kawaida, na mwaka 1999 tukafungua intaneti yenyewe kwa wananchi, kompyuta nne na benchi la kusubiri. Mzungu mmoja wa utalii alitoa machozi pale kaunta, barua yake ilipofika Ujerumani na kujibiwa kabla hajamaliza soda. Soda ile nilimfungulia mimi.

Sasa nije kwenye kazi iliyomtambulisha Bi. Ruth hadi nje ya mkoa, yaani Daftari la Afya ya Mtandao. Lilianza mwaka 2001. Wakati huo mtandao ulikuwa unaugua kila wiki, na kila tulipoipigia simu kampuni iliyokuwa inatuuzia huduma, jibu lilikuwa moja: "Kwetu huku iko sawa." Marta wa Ngaramtoni, mwenye kafe ya intaneti jirani na soko, akipiga anajibiwa hivyohivyo. Joel wa Lemara naye hivyohivyo. Bi. Ruth akawaita wenye vituo sita, wakiwemo wa Moshono, Tengeru na Usa River, akawaambia kwamba mgonjwa anayelalamika bila kupimwa joto hatibiwi. Akagawa madaftari sita makubwa na kalamu sita.

Utaratibu ulikuwa hivi. Kila siku saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, vituo vyote sita vinafungua ukurasa mmoja uleule wa hali ya hewa wenye picha ya wingu. Mtu anashika saa ya mkononi anahesabu sekunde mpaka wingu litokee lote. Anaandika sekunde, anaandika kama umeme upo, kama mvua inanyesha, kama kuna virusi kwenye kompyuta. Lakini kabla ya kupima, lazima ufagie. Kufagia ni neno la Bi. Ruth mwenyewe. Kompyuta ikishafungua ukurasa leo, inaficha nakala yake tumboni. Kesho ukiuomba ukurasa uleule inakupa ile nakala ya jana, chapuchapu, hata kama mtandao umekufa umezikwa. Kwa hiyo unafuta kwanza nakala, ndipo unapima.

Jumamosi vituo sita vinakutana Themi. Hakuna anayesoma daftari lake. Unasoma la jirani yako kwa sauti, na jirani yako anasoma lako. Kufutafuta hakuruhusiwi. Ukigundua kosa unapiga mstari mmoja ulionyooka juu yake na kuweka sahihi, na mwenye sahihi ndiye mwenye kosa. Bi. Ruth alikuwa anakuja na loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa mgando, kutoka nyumbani, watu wanakula huku wanasomana. Huko ndiko nilikokuwa naambiwa maneno. "Lerionka, kalamu hiyo umeishika kama rungu," Marta ananiambia. "Inaandika au inachunga ng'ombe?" Namjibu, "Wewe soma tu, mama, mwandiko wa kiume hausomwi na kila mtu." Bi. Ruth anasema, "Someni, loshoro inapoa," na kazi inaendelea.

Mpaka leo kabatini kuna madaftari arobaini na moja. Wajumbe wa mkutano mmoja wa mawasiliano waliofikia Arusha walikuja kuyapiga picha, na Babati na Moshi wameiga utaratibu wetu. Mjumbe mmoja aliniuliza mimi kama mfumo huu umetoka Ulaya. Nikamwambia umetoka Poli.

Tufike Aprili 2004, masika. Mtandao ulikuwa mbaya kuliko wakati wowote. Themi sekunde tisini. Moshono sekunde mia na zaidi. Ngaramtoni, Marta aliandika "wingu halijatoka" siku nne mfululizo. Bi. Ruth akaipelekea kampuni nakala za kurasa zote, akadai warekebishe mitambo yao kwenye mnara. Jumamosi tarehe 24 mhandisi wa kampuni akaja mwenyewe, kijana mpole mwenye tai, akaomba kuyaona madaftari. Akayapitia moja moja. Alipofika la Lemara akatabasamu.

Lemara ilikuwa sekunde mbili. Siku tisa mfululizo, asubuhi mbili, alasiri mbili. Joel mwenyewe alikuwa amekwenda Machame kwenye msiba wa baba yake, na kwa siku hizo tisa daftari lake lilishikwa na mtu mwingine.

"Mama," mhandisi akasema, "Lemara wako kwenye mnara huohuo wenu. Kama Lemara ni wazima, mnara ni mzima. Wagonjwa ni ninyi na kompyuta zenu."

Waliokuwepo wanasema watu walianza kufunga madaftari yao. Kazi ya miaka mitatu ilikuwa inakwenda na maji, na kampuni ilikuwa na haki ya kutujibu "kwetu iko sawa" mpaka kiama. Marta akaanza, "Nani aliyeandika huu uchawi?" Bi. Ruth akamwambia, "Kaa, Marta. Twende Lemara tukaone." Wakaenda na gari la mhandisi, kwa sababu dereva wa kituo alikuwa paani akishughulikia dishi.

Kule Lemara Bi. Ruth alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Aliinama chini ya meza, akachomoa kebo ya mtandao, akamkabidhi mhandisi mwisho wa kebo aushike mkononi. Kisha akaomba ule ukurasa. Wingu likatoka, sekunde mbili. Mhandisi akaangalia kebo mkononi mwake, akaangalia wingu. Marta anasema yule kijana alicheka mpaka akashika ukuta.

Walirudi Themi. Bi. Ruth akachukua rula, akapiga mstari juu ya siku zile tisa, mmoja mmoja, na kila mstari akaweka sahihi: R. Sumari. Mhandisi akamuuliza kwa nini anasaini kosa la Lemara. Akajibu, "Daftari ni moja, baba. Andika kwamba tumejisahihisha wenyewe mbele yako." Yule kijana aliandika hivyo, na wiki ya tatu mafundi wa kampuni walikuwa juu ya mnara wakibadilisha mitambo. Moshono ikashuka mpaka sekunde kumi na moja. Wasichana wa kituo cha Moshono walileta keki.

Hizo ndizo sahihi tisa zilizosomwa kwenye bodi mwezi Mei mwaka huu. Kanuni ni kanuni, mwenye sahihi ndiye mwenye kosa, na Mzee Elihuruma alimuuliza Bi. Ruth ana kwa ana: "Mama Nancy, hizi sahihi ni zako?" Akasema, "Ni zangu, Mwenyekiti." Akaulizwa kama ana la kuongeza. Akasema hana, ila wasisahau kununua kalamu. Mimi nilikuwa mlangoni na trei ya chai.

Bi. Ruth, kwa niaba ya vituo sita tunakushukuru. Umetufundisha kupima kabla ya kulalamika. Umetuvumilia, umetulisha, na hakuna aliyekuja kwenye kaunta yako akaondoka na jibu la "iko sawa". Nenda Poli ukapumzike, kahawa ikuzalie, wajukuu wakuchoshe kidogo tu, afya yako isipungue sekunde hata moja. Mama Nancy, kaa salama na Mungu akuongezee siku.

Mzee Elihuruma, neno langu kwa bodi ya saa tisa ndilo hili. Siku zile tisa daftari la Lemara nilikuwa nalo mimi. Mwandiko ni wangu, Marta anaujua, ulinganisheni na huu. Sikufagia kwa sababu nilikuwa sijui kufagia kunafanywaje, na sikuuliza kwa sababu nilishawaambia watu wote wa Lemara kwamba mimi ndiye niliyemfundisha Ruth kompyuta. Sahihi tisa zile zilikuwa zangu kuziweka, na niko tayari kuziweka leo mbele ya wageni. Cheti cha ushiriki nipeni mimi, nimeshiriki kweli.

Na kuhusu paani. Walipotoka Lemara, Bi. Ruth alisimama chini ya ngazi akaniita, "Lerionka, shuka unywe chai." Nilimjibu kwamba kazi bado nzito. Dishi lilikuwa zima tangu asubuhi. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, nimekunja miguu ili isionekane.