Siku Mkwe Wangu Alipoingia Uani

Sifa kwa Bwana, ndugu zangu! Mimi ni mama yake Nyaketcho, wa hapa Mella. Leo nyuso zenu naziona zote, hata wewe unayesinzia pale nyuma nakuona. Acheni nimshukuru Mungu.

Nilikuwa napalilia mahindi, jani likanichoma jicho. Nikapangusa kwa leso, nikaendelea. Jicho likavimba, likatoa usaha, na la pili likafuata kwa sababu ya leso ile ile. Nikawa naona moshi mtupu. Binti yangu Nyaketcho akanipeleka hospitali Tororo. Daktari akasema bakteria wameingia kwenye kidonda, nitiwe dawa ya matone kila saa, la sivyo nitapofuka.

Ndugu zangu, niliogopa! Mimi ni mjane, naishi peke yangu. Nyaketcho akahamia kwangu kunitia dawa. Lakini asubuhi moja mtoto wake akashikwa na homa, akamkimbiza zahanati. Nikabaki na kichupa. Sioni ninapolenga. Tone moja shavuni, jingine puani. Dawa inaisha na macho hayajapata kitu. Nikakaa chini nikalia.

Nje ya ua alikuwepo Okoth, mume wa Nyaketcho, aliyeachwa pale asikilize nikiita. Mnajua mambo ya mkwe kwetu. Tangu amwoe binti yangu hajakanyaga uani kwangu. Tukikutana njiani anaingia shambani mwa watu mpaka nipite, na mimi nainamisha kichwa. Ni heshima, sikatai. Lakini siku ile nilimwomba Yesu ujasiri, nikaita.

"Okoth, mwanangu, ingia unitie dawa."

Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nitakushikaje uso?"

"Nawa mikono, halafu ushike."

Akaingia! Akanawa kwa sabuni, akavuta kope ya chini polepole, akadondosha tone bila kichupa kunigusa jicho. Saa iliyofuata akarudi, na iliyofuata. Nyaketcho aliporudi na mtoto aliyepata nafuu, alitukuta hivyo, akalia mlangoni.

Majirani walisema sana, kwamba nimeita laana. Sikuwajibu. Hata maumivu yalipokwisha hatukuacha dawa, mpaka daktari aliposema basi.

Moshi ulipotoka, uso wa kwanza niliouona vizuri ulikuwa wa Okoth, umeinama juu yangu. Wajukuu wangu wana macho mazuri sana, na siku zote nimejisifu kwamba wameyatoa kwangu. Kumbe ni ya baba yao! Nilimshika shavu mkwe wangu, nikamwambia asante, mwanangu.

Ndugu zangu, Bwana ni mwema. Mwamini, na jicho likikuuma uende hospitali mapema. Na kama msaidizi wako amesimama nje ya ua anaona haya kuingia, mwite.