Neno Lililompeleka Bernardino Kitaya

Bernardino Nandonde, ambaye tumekusanyika hapa Mtawanya kumzika, alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma mwaka 1928. Cheti cha ubatizo kinasema Mei; mama yake alishikilia kuwa ni Julai, wakati wa kuvuna mtama. Mwenyewe alituachia tuchague.

Alivushwa mto akiwa na miaka sita, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nane, 1945. Nyumbani alisema Kimakonde, Kireno kidogo alikipata kwa baba yake, Kiingereza kwa walimu. Mwaka 1958 aliajiriwa kuwa mkalimani wa mahakama mjini Mtwara, akaifanya kazi hiyo bila wasiwasi hadi Jumanne, tarehe 9 Machi 1965.

Siku hiyo alipandishwa kizimbani Joana, mjane aliyekimbia vita Msumbiji akahamia Kitaya, kijiji kilicho kando ya mto. Alishtakiwa kwa kuuza samaki wakavu bila leseni. Alitoa barua ya mjumbe wa kijiji ya kumruhusu kuuza, Bernardino akaitafsiri. Hakimu, mgeni asiyejua Kiswahili, akaitikia kwa kichwa: "Fine."

"Umepigwa faini," Bernardino akamwambia Joana. "Kasubiri nje."

Joana alisubiri, akaingiwa na hofu ya jela, akaacha kikapu chake cha samaki mlangoni na kuondoka. Bernardino alipokwenda kuuliza kiasi cha faini, hakimu alishangaa.

"Faini gani? Nilisema ni sawa, aende zake."

Kesho yake Bernardino alifunga kikapu kwenye baiskeli akaenda Kitaya. Akaambiwa Joana amewakimbia polisi, amerudi ng'ambo, huko huko kwenye vita. Aliwatuma wavuvi wamtafute, akasubiri siku tatu. Siku ya nne Joana akatokea mtoni.

"Umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kukuomba radhi. Nilikosea neno."

"Mimi Kiingereza sikijui. Na wewe hukijui. Sasa pale mahakamani nani alikuwa anajua?"

Bernardino akamkabidhi kikapu chake, na tangu siku hiyo akawa haachi kwenda Kitaya. Walifunga ndoa kanisani tarehe 15 Oktoba 1966.

Neno lile halikumwacha. Padri mmoja mzee alimfungulia kamusi: fine ya kutozwa na fine ya uzuri zote zimetoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya mwisho. Faini ilimaliza ugomvi. Kitu kizuri ni kile kilichomalizwa kutengenezwa. Bernardino akakumbuka Kireno cha baba yake, aliyesema "fim" kila alipomaliza kazi. Alirudi nyumbani amechanganyikiwa kuliko alivyoondoka.

"Joana, kama yote ni mwisho, mwisho wa nini?"

"Wa mazungumzo. Kula, ugali unapoa."

Tangu hapo alikuwa akisimamisha kesi na kuuliza, "Mheshimiwa, fine ipi?" Baadhi ya mahakimu walikasirika. Hakuacha hadi alipostaafu, Juni 1973.

Aliugua ini kuanzia mwaka 1974, akalazwa mara tatu. Msumbiji ilipopata uhuru mwezi uliopita, alimuuliza mkewe, "Twende lini kwetu?"

"Kwetu wapi?"

Akacheka tu. Alifariki nyumbani Jumapili, tarehe 13 Julai 1975, alasiri, Joana akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Joana. Mabinti wawili, Albertina na Modesta. Na dada yake, Helena, aliye ng'ambo ya mto. Hadi asubuhi hii hatujui kama ujumbe wetu umemfikia.

Mungu ampokee Bernardino, ampumzishe katika amani yake.