Kaka Yetu Kipimo, na Vyote Alivyovipima Baada ya Aprili 26

Ndugu, jamaa na majirani, poleni kwa msiba. Mimi ni mdogo wake marehemu, yule wa kwenye kaunta pale gereji. Karatasi mlizogawiwa mlangoni zina wasifu wa kaka yetu, na niliuandika mimi mwenyewe. Nitausoma. Ila kuna mahali karatasi inanyamaza, na hapo mimi sitanyamaza, hivyo mnivumilie. Mliokuja na pikipiki, nawaomba kitu kimoja: asitoke mtu kwenda kuiwasha kabla sijamaliza. Sababu nitawaambia.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 11 Juni 1957, saa kumi na moja alfajiri, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyopakana na ghala la mbao. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watatu wa baba yetu, mkereza vyuma, na mama yetu, mfua nguo wa hospitali. Wa pili hakuwahi kufikisha mwaka. Wa tatu ni mimi. Mama alikuwa akisimulia kwamba kaka alilia mara moja tu, kisha akatulia akazitazama pembe za chumba moja baada ya nyingine, utadhani ametumwa kuikagua nyumba.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha shule ya ufundi hadi 1975. Huko ndiko alikopata jina la Kipimo. Darasa lao lilitengeneza vigoda, na vigoda vyote ishirini vikawa vinayumba. Mwalimu akawachapa wote kwa uzembe. Kaka akaomba aione rula ya mwalimu, akaiweka juu ya nyingine mpya, na ikaonekana ncha yake imelika. Rula yenyewe ilikuwa inadanganya tangu mwanzo. Mwalimu hakuomba radhi, ila rula aliitupa. Kaka aliisimulia habari hiyo mpaka uzee wake, na kila mara alimalizia vilevile: "Watoto wa watu walipigwa bure." Haikumchekesha hata kidogo.

Mwaka 1976 aliajiriwa katika karakana ya magari ya idara ya maji. Baba alipofariki mwaka 1981 alimwachia kipimo chake cha chuma, kile chenye taya mbili zinazobana kitu na kusoma unene wake. Mwaka 1984 kaka akaacha ajira akafungua gereji yake ya pikipiki za zamani, chumba kimoja chenye mlango wa mabati, majiliwa mawili ya kubania vyuma, fuawe moja ya kugongea vyuma na kaunta yangu. Alisema pikipiki mpya kila mtu ataitengeneza, lakini hizi za zamani zimebaki yatima.

Na kweli zilikuwa yatima. Viwanda vilivyoziunda vilishafungwa, na spea zake zikawa zinatengenezwa na watu ambao pengine hawajawahi hata kuipanda pikipiki yenyewe. Mteja alikuja na gasketi mpya kabisa, matundu manne yanakaa sawa, la tano limehama. Kebo ya klachi imepungua kidole kizima. Pedali ya kiki inagonga bomba la moshi. Kaka alivigeuzageuza, akavipima, akatikisa kichwa. "Huyu ni ndugu wa kambo," alisema. "Anafanana na wa kwenye picha, lakini kwetu hajazaliwa." Kisha akapiga tupa, akakereza, akajaza, mpaka ndugu wa kambo akakubali kukaa. Kilichokataa kuingia hakikumtisha. Alichokiogopa ni kile kilichoingia bila ubishi.

Alifunga ndoa tarehe 6 Septemba 1986 na wifi yangu, fundi cherehani, aliyeketi hapa mbele. Alimpima kidole kwa kile kipimo cha baba, akaenda nacho kwa sonara. Pete ilipokuja ikakwama kwenye kifundo. Bwana harusi mtarajiwa akairudisha dukani mara tatu, na mara zote akimwambia sonara kwa adabu kwamba kidole cha mchumba wake hakina makosa. Wifi anasema mpaka leo pete haijawahi kumbana wala kumlegea. Walijaliwa watoto wawili, binti na mvulana, ambao sasa ni watu wazima wenye familia zao.

Hapa karatasi yenu imeandika: "Mwaka 2023 marehemu alipata ajali iliyosababishwa na spea mbovu." Maneno hayo niliyaandika mimi, na yamekosa nusu ya habari.

Miaka michache iliyopita kaka aliingiwa na mtoto wa jicho. Namba aliweza kuzisoma kwa kioo cha kukuzia, lakini kitu chembamba hakukiona tena. Kwa hiyo tukawa na utaratibu wetu. Kila asubuhi, kabla ya kazi, alikibana kipimo taya zigusane, akakiinua kuelekea mlangoni, na mimi nikachungulia katikati. Taya zikikutana sawasawa mwanga haupiti. Ukipita hata uzi mmoja, kipimo kimeharibika.

"Mwanga?" aliuliza.

"Hakuna mwanga," nilijibu.

Basi akaanza kazi. Miaka minne tulifanya hivyo, kama watu wanaosalimiana.

Jumatano tarehe 26 Aprili 2023 kaka alikwenda kliniki ya macho. Mfuniko wa kopo la grisi ulikataa kufunguka. Bisibisi ilikuwa mbali, kipimo kilikuwa karibu. Najua mnavyonitazama. Nilichomeka ncha za taya chini ya mfuniko nikabinua, zikateleza, na kipimo kikaruka kikaangukia pembe ya fuawe. Nikakiokota, nikakifuta, nikakirudisha kwenye kisanduku chake. Ncha ya taya moja ilikuwa imeota kinundu kidogo mno, kama chembe ya chumvi. Nikajiambia kesho nitakipeleka kwa mkereza wa ng'ambo ya barabara akisawazishe kimyakimya.

Asubuhi yake kaka alikiinua kuelekea mlangoni. Nikachungulia. Mwanga ulipita, uzi mwembamba, umenyooka kutoka juu hadi chini.

"Mwanga?"

"Hakuna mwanga," nikasema.

Kwa nini, mtaniuliza. Kile kipimo kilikuwa cha baba, na kwa miaka arobaini kaka hakuniruhusu kukitumia hata kukunia mgongo. Niliona aibu, basi. Nikasema kesho, na kesho nikasema kesho kutwa, na kila asubuhi neno lilikuwa jepesi zaidi kutoka. Mnisikilize vizuri hapa: kipimo chenye kinundu kinaongopea upande mmoja. Kila kitu kinasomeka kinene kuliko kilivyo. Kilicho sahihi kinaonekana kimezidi. Kilichopungua kinaonekana sahihi.

Mwezi ule wa Mei kaka alirudisha spea nyingi dukani. "Siku hizi hata vile vizuri vimenenepa," alinung'unika. Mimi nilikuwa nafuta kaunta. Na vile vyembamba, alivipitisha kimoja kimoja na kuvifunga kwenye pikipiki za watu.

Alhamisi tarehe 4 Mei likaja boksi la ekseli nane za gurudumu la mbele, za kuiga, halina jina la mtengenezaji wala nembo. Akazipima zote nane, zote zikasoma sawa. Moja akaifunga kwenye pikipiki yake mwenyewe. Nilimwona anaisukuma kwenye beringi kwa kidole, ikapita hadi upande wa pili bila nyundo. Akasimama pale muda, kidole kikiwa bado kwenye ncha.

"Imeingia kirahisi mno hii," alisema.

Nikaendelea kuzipanga nyingine rafuni.

"Lakini kipimo kimesema sawa," akasema, akafunga nati.

Maisha yake yote kaka aliuamini mkono wake, na siku hiyo akauacha akakiamini kipimo, kwa sababu kipimo nilikuwa nimekithibitisha mimi. Ekseli tano nyingine zikaenda kwa wateja. Mbili zikabaki rafuni.

Kuanzia Julai pikipiki yake ikawa na mlio. Wifi aliusikia, majirani waliusikia, mvumo wa chini ukipanda kila alipopita kwenye mteremko wa nyumbani. Aliifungua mara mbili, akapima ekseli, ikasoma sawa, akaifunga. Mara ya pili nilikishika kile kisanduku mkononi, nikafungua mdomo, na simu ya kaunta ikalia. Nikaenda kuipokea.

Jumapili tarehe 20 Agosti 2023, saa tatu asubuhi, akienda kumwona mjukuu wake, gurudumu la mbele lilitingishika pale mteremko unapoishia, likalala upande. Alivunjika paja na mbavu tatu.

Alilazwa majuma tisa, kisha akarudi nyumbani, na hakuinuka tena. Akiwa kitandani alinituma nizikusanye zile ekseli tano. "Boksi zima ni bovu, na mimi macho yangu yamenidanganya," aliniambia. "Nenda kabla hajaumia mtu." Nilikwenda kwa miguu yangu, nyumba kwa nyumba. Nilizipata zote. Nilipompelekea akazishika moja moja juu ya shuka, akazihesabu.

"Zimekwisha?" aliuliza.

"Zimekwisha, kaka."

"Basi naweza kulala."

Mbele ya wifi yangu alijilaumu kila siku kwa miezi mitano. Alisema fundi asiyeona afunge gereji. Wifi alimbembeleza, na mimi nilikaa pembeni ya kitanda, namenya machungwa. Wifi, nisamehe ukiweza. Usipoweza, nitakuelewa.

Mapema mwezi huu alipatwa na homa ya mapafu. Alifariki dunia Jumatano, tarehe 17 Januari 2024, saa nane mchana, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Karatasi inasema alikwenda kwa amani. Alikwenda akiamini kosa ni lake.

Na ningeweza kunyamaza hata leo, nisiwafiche. Lakini kabla ya mwaka mpya fundi viatu wa mtaa wetu alikuja gereji akiikokota pikipiki yake. Kanyagio la breki lilikuwa limechomoka. Nikaitazama pini yake. Haikutoka kwenye lile boksi. Ilinunuliwa duka jingine kabisa. Ila kaka aliipima mwezi wa Juni. Fundi viatu hakuumia, alikuwa anatoka tu getini. Nikafungua daftari la kazi. Kati ya tarehe 27 Aprili na tarehe 20 Agosti tulifunga ekseli, pini na shafti kwenye pikipiki arobaini na moja. Ekseli tano nilizirudisha. Zilizobaki hakuna aliyezitafuta, kwa sababu kila mtu alijua kosa ni la boksi. Mimi peke yangu nilijua, na hata hapo nikasema kesho.

Ameacha mjane, fundi cherehani wetu, binti yake ambaye ni mwalimu, mwanawe ambaye ni fundi wa kuunga vyuma, mkwe wa kike na wa kiume, wajukuu watano, na mimi mdogo wake. Kwa wajukuu aliacha vigoda vitano, na hakuna kinachoyumba.

Sasa nyinyi wa pikipiki. Mmelisindikiza jeneza kwa pikipiki ishirini na tatu, na nilisimama barabarani nikasikiliza mkipita. Mvumo ule wa chini niliusikia zaidi ya mara moja. Mlipoingia humu mimi nilibaki nje na daftari. Kumi na moja kati ya zenu zimo. Ya mwisho kwenye mstari, ile ya bluu, nilishika gurudumu la mbele nikalisukuma kwa viganja, nalo likacheza kushoto na kulia kama jino la mtoto. Mwenyewe amekuja nayo akiwa amempakia mkewe.

Mkoba huu niliouweka hapa mezani una kofia kumi na moja za plagi. Nimezichomoa kwa mkono wangu, kwa hiyo pikipiki hizo hazitawaka. Mkereza wa ng'ambo ya barabara yuko nje na kipimo chake. Atazipitia zote ishirini na tatu, na itakayokataliwa itarudi nyumbani kwa gari la mizigo. Wengine wa kwenye daftari, kuanzia kesho asubuhi nitawafuata mlangoni kama nilivyofuata ekseli. Ukimjua yeyote mwenye pikipiki ya zamani iliyopita kwetu miezi ile, mpigie simu sasa hivi, kabla hata hatujamfukia kaka. Yeye angetaka hivyo.

Kaka yangu, kipimo cha baba nimekibana hapa, nimekiinua kuelekea mlangoni. Umeniuliza asubuhi mia na kitu nikakujibu uongo. Mwanga upo, kaka. Macho yako hayakuwa na kosa, na mkono wako ulisema kweli. Mungu akulaze pema, ulale bila lawama uliyobebeshwa nami.